Nembo ya Ukoo: Kweli au Uongo?

Kila jina la ukoo la Kiingereza lina nembo yake.
Uongo, tena uongo unaoingiza fedha. Mtalii anaingia dukani London, anataja jina lake, tuseme Smith, anauziwa kikombe chenye ngao na simba. Alichokinunua ni nembo ya mtu mwingine. Uingereza nembo hupewa mtu kwa hati, kisha hurithiwa na kizazi chake. Akina Smith wasiotokana na mtu huyo hawana haki nayo. Hati hizo hutolewa na College of Arms, iliyoanzishwa na Mfalme Richard III mwaka 1484, na mpaka leo inapokea maombi. Scotland wakali zaidi: kutumia nembo bila idhini ni kosa la jinai.

Nembo ni za makabaila tu.
Uongo. John Shakespeare, baba wa mwandishi William, alikuwa fundi wa glavu, akapewa yake mwaka 1596. Uswisi hata wakulima walikuwa nazo.

Nyekundu ni ushujaa, buluu ni uaminifu.
Uongo. Orodha hizo za maana za rangi walizibuni waandishi wa baadaye. Kanuni ya zamani ilijali macho tu: rangi isilale juu ya rangi, wala dhahabu juu ya fedha, ili ngao itambulikane kwa mbali.

Basi nembo haina maana.
Uongo mkubwa kuliko yote! Maana ipo, ila ni ya mwenyewe. Ngao ya akina Shakespeare ina mkuki, kwa sababu jina lao limebeba neno spear, yaani mkuki. Mwaka 2011 Michael Middleton, baba wa Kate, mke wa Mwanamfalme William, alipewa nembo yenye matunda matatu ya mwaloni, moja kwa kila mtoto wake. Katikati inapita alama ya dhahabu kwa heshima ya mkewe, ambaye kwao ni Goldsmith, yaani mfua dhahabu. Hapo ndipo ninapoipenda sanaa hii: familia nzima imesimuliwa bila neno hata moja.

Wanawake hawakuwekewa nembo kwenye ngao.
Kweli, kwa desturi ya Uingereza. Ngao ilikuwa silaha ya vita, kwa hiyo msichana au mjane alichorewa nembo kwenye umbo kama la uru katika karata. Nembo ya Kate ilipotangazwa siku chache kabla ya harusi yake, Aprili 2011, ilichorwa hivyo hivyo, ikining'inia kwenye utepe, alama ya kwamba bado hajaolewa.