Kereng'ende wa Kaskazini Anayebadilika Rangi kwa Baridi

Ukitaja kereng'ende, wengi wetu tunawaza jua kali na bwawa lenye majani. Hebu leo twende kaskazini, kwenye vidimbwi vinavyoganda kila mwaka, tukamwone Aeshna caerulea.

Anafananaje? Ana urefu wa kama sentimita 6. Mwili ni wa kahawia iliyokolea, na dume ana madoa ya samawati tumboni na macho ya samawati pia. Jike mara nyingi amefifia zaidi. Usimchanganye na ndugu yake Aeshna juncea: huyo ukingo wa mbele wa bawa ni wa njano, wa huyu wetu ni wa kahawia.

Sasa, utamu uko hapa: rangi hiyo haitulii. Asubuhi ya baridi dume huwa wa kijivu tu. Jua likimpiga, samawati inarudi. Kumbe samawati hiyo hutokana na vichembe vidogo mno chini ya ngozi vinavyotawanya mwanga. Joto likishuka, rangi nyeusi husogea na kuvifunika, na mwili mweusi hunasa joto haraka. Ndiyo maana utamkuta ametulia juu ya jiwe akiota jua. Misuli ya mabawa isipopata moto, haruki.

Anaishi wapi? Norwe, Uswidi na Ufini, kisha mashariki kupitia Siberia. Katika kisiwa cha Uingereza yuko Uskoti peke yake. Kusini zaidi amebaki juu milimani, kama kwenye Alps. Zama za barafu zilipokwisha, baridi ilirudi nyuma kuelekea kaskazini na kupanda milima, naye akaifuata.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Lava wake hukaa majini miaka 3 au zaidi, ndani ya vidimbwi vya ardhi ya mboji. Ukichimba mfereji kukausha mboji hiyo, humpotezi wa mwaka huu tu; lava wa miaka kadhaa wanakwenda kwa mpigo mmoja.

Na dunia ikizidi kupata joto? Wa Siberia anaweza kusogea kaskazini kidogo. Wa Alps atapanda, atapanda tena, mpaka kileleni. Baada ya hapo, niambie wewe, aende wapi?