Komea na Komoa: Istilahi ya Mkoba wa Baiskeli ya Umeme

Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo kwayo kitenzi hupata kinyume chake: funga huzaa fungua, chomeka huzaa chomoa. Kauli hii yamfaa fundi wa baiskeli pale Tononoka, kisiwani Mombasa, aletewapo mkoba usiofungwa kwa mpira, bali unaonasa ubavuni mwa keria ya baiskeli ya umeme na kuachia kwa mkono mmoja.

Kwanza fundi husoma kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye keria, aghalabu kilo 25. Kisha hukaza bamba la kushikia mkoba kwa bolti na nati zilizopakwa grisi, kwani chumvi ya hewa ya pwani huleta kutu upesi. Huhakikisha pia kwamba waya wa betri haukubanwa, na kwamba kisigino cha mwendeshaji hakigusi mkoba anapokanyaga pedeli.

Kinachobaki ni kile kipande kidogo kinachonasa. Kisiponasa sawasawa, mkoba hudondoka, mkanda wake ukaingia kwenye spoki, na mwendeshaji akaanguka. Maelekezo yakiwa katika lugha asiyoielewa mwenye baiskeli, hatari huzidi. Kumbe jina lipo: komeo, kama la mlango. Mkoba hukomewa, hutikiswa ili kuthibitisha kuwa umeshika, nao hukomolewa safari iishapo. Istilahi hii haikopwi wala haiundwi upya. Huongezewa maana tu, na mzizi mmoja hubeba agizo la kufunga na la kufungua.