Ukishapinga Makato ya Kodi ya Jengo, Nini Kinafuata?



Lalamiko kuhusu makato ya kodi ya jengo katika LUKU si geni katika ofisi za watendaji wa kata. Wengi wanaofika wanajua namna ya kulalamika, lakini hawajui kitakachofuata baada ya kuondoka ofisini. Baadhi hudhani kuwa makato yatasimama siku hiyo hiyo. Wengine, wakiona makato yanaendelea, huamini kuwa barua zao zimetupwa. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwenye nyumba anapaswa kuyatarajia.

Kinachoweza kupingwa

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme. Mwanzoni nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 12,000 kwa mwaka, na ghorofa shilingi 60,000. Julai 2023 viwango vilipanda hadi shilingi 18,000 na 90,000, yaani shilingi 1,500 na 7,500 kwa mwezi. Kwa familia iliyo katika daraja la matumizi madogo ya umeme, shilingi 1,500 ni sawa na takribani uniti 12. Tunatambua kuwa kwa mzee anayenunua umeme wa shilingi 5,000 kwa mwezi, hilo si jambo dogo.

Kwa kuwa viwango hivi ni mfuto, havitegemei thamani ya nyumba. Hoja ya kwamba nyumba yako imechakaa, au kwamba ya jirani ni nzuri zaidi, haitabadilisha kiasi unachokatwa. Hoja zinazoweza kubadilisha jambo ni hizi: jengo moja linakatwa kupitia mita mbili au zaidi, nyumba ya kawaida imeandikwa kuwa ghorofa, mita inayokatwa haihudumii jengo, kwa mfano mita ya pampu ya kisima, au mmiliki anastahili msamaha.

Kabla ya kuandika barua, soma vizuri ujumbe wa ununuzi wa umeme. Humo yamo pia makato mengine: VAT, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Hayo si kodi ya jengo. Vilevile, usiponunua umeme kwa miezi kadhaa, kodi ya miezi hiyo hujikusanya. Nyumba iliyofungwa miezi mitatu inaweza kukatwa shilingi 4,500 kwa mkupuo mmoja bila kuwapo kosa lolote.

Hatua ya kwanza: kupokelewa

Unapowasilisha lalamiko, andika namba ya mita yenye tarakimu 11, mahali jengo lilipo, na kosa unalolalamikia. Ambatanisha nakala za ujumbe wa LUKU zinazoonesha makato. Omba nakala ya barua yako igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo ushahidi wako iwapo utahitaji kufuatilia. Lalamiko la mdomo, hata likisikilizwa kwa heshima zote, ni vigumu kulifuatilia baada ya miezi miwili.

Hatua ya pili: uhakiki

Tarajia maofisa kufika kuliona jengo. Watahesabu mita, wataangalia kama ni nyumba ya kawaida au ghorofa, na watauliza nani anaishi humo. Ukiwa safarini, mwachie mtu mzima anayeifahamu nyumba. Mwambie mwenyekiti wa mtaa au kitongoji pia, kwani ndiye atakayethibitisha kwamba nyumba ni yako. Kila ofisa awe na kitambulisho cha kazi. Una haki ya kukiomba. Uhakiki hauna malipo, na anayekudai fedha taslimu ili "kuharakisha faili" aripotiwe mara moja.

Katika kipindi hiki makato yataendelea. TANESCO hukata kodi hiyo kwa niaba ya Serikali kwa kufuata taarifa zilizomo kwenye mfumo, na taarifa hizo hubadilika baada ya uhakiki kukamilika. Kwa hiyo endelea kutunza kila ujumbe wa ununuzi. Ukifuta, utakuwa unafuta hesabu ya fedha unazodai.

Hatua ya tatu: majibu

Majibu huwa ya namna tatu. La kwanza ni kukubaliwa. Mwenye mita mbili katika nyumba moja, aliyekuwa akikatwa shilingi 3,000 kwa mwezi, atabakiwa na makato ya mita moja na kuokoa shilingi 18,000 kwa mwaka. Aliyeandikiwa ghorofa kimakosa ataokoa shilingi 72,000. La pili ni kukubaliwa kwa sehemu: kwa mfano, imebainika kuwa mita mbili zinahudumia majengo mawili tofauti, ila moja kati yake si ghorofa. La tatu ni kukataliwa. Omba jibu la kukataliwa liwe la maandishi na lenye sababu, kwa kuwa huwezi kuijibu sababu usiyoijua. Ukiwa na ushahidi mpya, mwandikie Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ukiambatanisha jibu la awali.

Kurekebishwa kwa makato ya mbele ni jambo moja; kurudishiwa fedha zilizokwisha kukatwa ni jambo jingine. Kama unadai fedha za nyuma, litaje dai hilo waziwazi katika barua yako, uweke orodha ya miezi na kiasi. Asiyedai hatafikiriwa kuwa anadai.

Wazee na watu wenye ulemavu

Mmiliki mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, au mwenye ulemavu, asiye na kipato, anaweza kusamehewa kodi kwa nyumba moja anayoishi. Msamaha hauji wenyewe. Huombwa, kwa uthibitisho wa umri au ulemavu na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Tuchukue mfano wa bibi mwenye miaka 68, mjane, ambaye nyumba na mita bado vina jina la marehemu mumewe. Bibi huyu anastahili kusikilizwa, lakini ombi lake litakwama katika swali la umiliki. Njia iliyo salama ni familia kufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, kisha barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi iambatanishwe. Tunawaomba watoto wasiwaachie wazee kazi hii peke yao. Kuandika barua na kukusanya nakala ni kazi ya siku chache kwa kijana. Kwa mzee inaweza kuwa mwaka mzima wa nauli.

Wapangaji

Kodi hii ni ya mwenye jengo. Mpangaji anayenunua umeme huilipa kwa niaba yake, hivyo ni vema wakaandikiana jinsi fedha hizo zitakavyorudishwa, kwa mfano kwa kupunguzwa katika pango. Lalamiko kuhusu kosa la makato liwasilishwe na mwenye nyumba, mpangaji akimpa nakala za ujumbe wa LUKU.

Kodi ya majengo ni mojawapo ya vyanzo vya fedha za huduma za umma, na tunawashukuru wanaoilipa. Hata hivyo, hakuna anayetakiwa kulipa mara mbili kwa jengo moja. Ukiwa na shaka, fika kwa mtendaji wa kata yako ukiwa na namba ya mita na ujumbe wa LUKU mkononi.

Imetolewa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini, Halmashauri ya Wilaya.