Kusoma Bila Kuelewa: Kiingereza Katika Shule za Sekondari

Mtoto wako wa kidato cha kwanza akikusomea kitabu cha Kiingereza kwa sauti bila kukwama, wewe unafurahi. Lakini je, ameelewa?

Walimu wengi wa sekondari watakuambia hapo ndipo penye kazi. Chukua mfano wako mwenyewe uliyehitimu kisomo. Ukipewa barua ya Kiganda utaisoma, maana herufi ni zile zile. Ila habari iliyomo huipati. Mwanafunzi naye yuko hivyo hivyo. Tena mzigo wake ni mkubwa zaidi, kwani Kiingereza hakisomwi kama kilivyoandikwa.

Chanzo ni nini? Tangu mwisho wa miaka ya 1960, shule za msingi za serikali hapa Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu. Mtoto akiingia sekondari mambo yanageuka: hesabu, biolojia, jiografia, yote Kiingereza!

Jambo hili si geni. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wakakuta wengi hawawezi kusoma vitabu vya masomo yao. Ndipo kuanzia 1987 Uingereza ikasaidia kuleta vitabu vyepesi vya hadithi mashuleni.

Walimu wenyewe hawasemi neno moja. Wako wanaolaumu shule ya msingi. Wako wanaotaka lugha ya kufundishia ibadilishwe. Wengine wanauliza: kitabu kimoja wanafunzi watano, kila mmoja atasoma saa ngapi? Mimi nawaunga mkono hawa wa vitabu. Bila kitabu, mwalimu hueleza somo kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari ubaoni kwa Kiingereza. Mwanafunzi ananakili, anakariri. Mtihani ukiuliza kwa maneno mengine, basi, amekwama. Huyo si mvivu, na fimbo haitamsaidia.

Wewe mzazi huhitaji kujua Kiingereza. Jioni mwambie asome ukurasa mmoja, afunge kitabu, akueleze kwa Kiswahili amesoma nini. Akibabaika, afungue tena, aende sentensi moja moja. Maneno yaliyomshinda ayaandike pembeni, kesho akamwulize mwalimu.