Kipuri Kinapomchelewesha Baba Baharini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi huku Virginia, Marekani, jirani na Norfolk, kituo kikubwa kuliko vyote vya jeshi la wanamaji duniani. Wake wa mabaharia tunawapokea kila siku, na siku hizi wamo wa kwetu, kwani vijana wetu wenye kadi ya kijani wanajiunga na jeshi, wengine wakitafuta uraia. Mama zao huniuliza swali moja: hiyo nyuklia haitawadhuru?

Kwa ninayoyaona kazini, kinachozitesa familia zaidi ni tarehe ya kurudi kubadilika. Na wakati mwingine hubadilika kwa sababu ya kifaa kilichoharibika.

Manowari za kubeba ndege za Marekani zina vinu viwili vya nyuklia kila moja, na mafuta yake hudumu zaidi ya miaka 20. Lakini kinu peke yake hakiendeshi meli. Joto lake huchemsha maji, mvuke huzungusha mitambo, na mitambo ndiyo inayotoa umeme na kuzungusha rafadha, yale mapanga yanayosukuma meli majini. Kimoja kikigoma, meli inarudi bandarini.

Wafaransa wanalijua hilo. Novemba 2000 manowari yao ya nyuklia, Charles de Gaulle, ilikuwa Atlantiki ikija huku Norfolk, rafadha yake ikavunjika. Za akiba nazo zikakutwa na kasoro. Ikabidi ifungwe rafadha za manowari za zamani, Clemenceau na Foch, na kwa miaka kadhaa ikatembea chini ya kasi yake.

Vipuri vya meli hizi havikai dukani. Zenyewe ni chache, na za Marekani hujengwa katika karakana moja tu, Newport News, ng'ambo ya maji kutoka Norfolk. Ndiyo maana hata meli inayostaafu huvuliwa vifaa. Enterprise, manowari ya kwanza ya nyuklia ya kubeba ndege, ilipomaliza kazi, nanga yake moja ilihamishiwa Abraham Lincoln.

Hiyo Lincoln ndiyo iliyotufundisha jambo. Iliondoka Norfolk tarehe 1 Aprili 2019, ikapelekwa hadi Bahari ya Arabu. Agosti, Harry S. Truman, iliyokuwa ikijiandaa kusafiri, ikapata hitilafu ya umeme. Lincoln ikaongezewa muda. Ilifika San Diego Januari 2020, baada ya siku 295. Hitilafu ilikuwa kwenye meli moja, waliosubiri walikuwa wake na watoto wa meli nyingine.

Nimemhudumia dada mmoja wa Mombasa aliyejifungua simu ikiwa kwenye mto, mumewe akisikiliza kutoka melini mawasiliano yakikatika. Baba alitarajiwa mtoto akiwa na miezi minne. Alifika mtoto ameshaota meno mawili, akamlilia kama mgeni.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kijana wako akipangiwa meli ya aina hii, hesabu tarehe ya kurudi kama makadirio, uongeze miezi miwili au mitatu. Kabla hajaondoka, aandike hati ya kumruhusu mke kushughulikia benki, nyumba na bima. Mjamzito awe na mtu wa pili wa kumsindikiza hospitali, shangazi, jirani au dada wa jumuiya yetu, na jina lake liandikwe kwenye faili mapema. Watoto wasiambiwe tarehe kamili; waambieni baba atarudi meli ikishafunga kamba gatini.

Na ninyi bibi zao mlioko Tanga, Lamu au Muscat, pigeni simu hasa katika ile miezi ya nyongeza. Hapo ndipo tunapowapokea wodini akina mama wasiolala.