Likasi: Kwa Kingereza, "to check" na "checking" si kitu kimoja

Wakaaji wengi wa Likasi wanahitaji Kingereza leo. Malori ya shaba na kobalti yanapita mjini yakielekea Kasumbalesa, na kuvuka tu mpaka, Zambia yote iko na Kingereza kama lugha ya serikali. Lakini kuna kosa moja dogo ambalo linaweza kugeuza maana ya ripoti nzima ya kazi.

Shida inatokea wapi? Kwa Kiswahili tuko na "ku" moja tu: nataka kuendesha, nimemaliza kuendesha. Kifaransa nacho kinatumia "conduire" pande zote mbili. Kingereza kinagawanya: "I want to drive", lakini "I finished driving".

Kuna maneno yanayoomba "to": want, need, hope, decide, promise, agree, refuse. Mengi kati yao yanaangalia mbele, kwa jambo ambalo halijafanyika. Mengine yanaomba "ing": finish, enjoy, avoid, keep, suggest.

Hatari kubwa iko kwa maneno yanayokubali zote mbili. Shofere akiandika "I stopped to check the brakes", maana yake alisimama ili aangalie freni. Akiandika "I stopped checking the brakes", amesema aliacha kuangalia freni! Kiswahili kinabadilisha neno la kwanza, kusimama ao kuacha. Kingereza kinabakisha "stop" na kubadilisha neno linalofuata.

Ni vile vile kwa zamu wa usiku. "Remember to lock the gate" ni agizo: usisahau kufunga mlango. "I remember locking the gate" ni ushuhuda: nakumbuka niliufunga.

Na wenye kuandika barua ya kuomba kazi? Kisha vineno kama "for", "at", "of" ao "without", tia "ing": "I am good at welding", "Thank you for reading my letter". Njo maana barua inamalizika na "I look forward to hearing from you", si "to hear". "To" ile inafanya kazi ya "kwa", kama vile "for" na "at".

Namna rahisi ya kujifunza: usiandike neno peke yake katika daftari. Usiandike "avoid", andika "avoid driving at night". Usiandike "promise", andika "promise to pay". Neno linaingia kichwani pamoja na mkia wake.