Ubao wa Chuoni na Simu ya Pipeline

Mwezi wa Machi 2020 nilikwenda Nairobi kwa shughuli ya siku nne, nikakaa hadi Julai. Shule zilifungwa kwa maradhi ya korona, na Aprili 6 njia za kutoka jijini nazo zikafungwa. Nikabaki Pipeline, Embakasi, kwa binti wa dada yangu, chumba kimoja ghorofa ya tano. Nyinyi mliozoea baraza na upepo wa bahari mngestaajabu: majumba yamesongamana hata saa sita ya mchana watu huwasha taa.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la nane. Wazazi wakaambiwa masomo yatakuja kwa simu. Simu yenyewe ni moja, nayo hutoka alfajiri na mama mtu kwenda kiwandani, hurudi magharibi. Mwalimu huleta maswali asubuhi; mtoto huyaona usiku, wenzake wameshajibu na kusifiwa. Redio ya KBC nayo ilisomesha, lakini redio huiulizi swali.

Ramadhani ilipoingia, mwisho wa Aprili, nikawa namwona yu macho mpaka daku, ameinamia kioo cha simu, anayanakili maswali yote daftarini, hata pembetatu, kabla simu haijaondoka. Nikakumbuka ubao wangu wa chuoni. Lakini maalimu wetu alikuwa na sikio: ukikosea herufi moja, bakora yagonga mkeka, warudia papo hapo.

Siku moja alipeleka picha ya hesabu kumi. Likarudi jibu: kidole gumba kimeinuliwa. Nikazipitia, nami si hodari wa hesabu. Tatu zilikuwa na makosa.

"Babu, mwalimu amesema vizuri."

"Hajasema," nikamjibu. "Ameinua kidole."

Akacheka, kisha akanyamaza. Tangu hapo akawa akinisomea kila hatua kwa sauti, nami namkatiza nisipoelewa. Na kwa kuwa sielewi mengi, alikuwa na kazi kubwa ya kunieleza!

Julai 7 njia zilifunguliwa, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kuwa mwaka wa masomo umepotea, mitihani hakuna. Akaniwekea daftari nne mapajani.

"Babu, na hizi?"

Sikuwa na la kusema. Nikafunga mkoba wangu.

Mambo yakageuka. Oktoba 12 darasa la nane likarudishwa shule. Usiku alinipigia kwa simu ile ile: daftari zake zimeazimwa zote, zazunguka darasani, wala hajui zitarudi lini.